Mama yuko kwenye sindano za mifupa na taya linamsumbua. Kipimo cha bakteria wa mate kinatosha?

BintiMkubwa

Habari wakuu. Naomba mawazo ya wenye uelewa, hasa madaktari wa meno na watu wa maabara mliomo humu.

Namuuguza mama. Ana kansa ya titi ambayo imeshafika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Mbali na vidonge vyake, kila mwezi anawekewa dripu ya asidi ya zoledroniki, ile wanayoiita sindano ya mifupa. Mgongo umetulia sana tangu aanze, sasa anageuka kitandani bila kusaidiwa na anatembea mwenyewe. Shida imehamia mdomoni.

Aling'olewa gego la chini, upande wa kushoto, akiwa tayari yuko kwenye hiyo dripu. Siku ile hakuulizwa anatumia dawa gani. Ni miezi sasa na pengo halijafunga, na jino la jirani yake limeanza kucheza. Jana usiku nilimmulika kwa tochi ya simu huku nimesogeza ulimi kwa mpini wa kijiko. Ufizi wa upande wa ndani, kule ulimi unakolala, ni mwekundu na umevimba. Katikati ya ule wekundu kuna kitu cheupe kinachoelekea unjano, kigumu, upana wake hauzidi kichwa cha kiberiti. Mama anasema ulimi ukipita pale unakwaruzwa, na kweli pembeni mwa ulimi, usawa wa hapo hapo, kuna kidonda. Yeye anaamini ni kipande cha jino kilichosahaulika. Harufu ipo hata akiwa ametoka kupiga mswaki.

Sasa ndugu yetu mmoja katuletea habari kwamba bakteria wa mdomoni wanaweza kuonyesha kama mtu ana kansa ya mdomo au ugonjwa wa taya, na kwamba kuna vifaa vya kununua: unatema mate kwenye kichupa, unatuma, majibu yanakuja kwenye simu. Mama amelishikilia hilo. Amechoka kuchomwa na kukatwa, kila akisikia neno kliniki anageukia ukutani. Ananiambia, "Tutume mate kwanza, wakisema pabaya ndipo tutakwenda."

Naomba kujua: hicho kipimo kinaweza kutuambia kama kile kidonda ni kansa? Kinaweza kutuambia hali ya taya? Na kama shida ni bakteria, kwa nini asipewe tu antibiotiki na dawa ya kusukutua wafe, yaishe?

---

KoleoNaKioo

Pole sana na kuuguza, dada. Mimi ni daktari wa meno. Swali la bakteria ni zuri na nitalirudia, ila kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo halingoji kichupa cha mate.

Kitu kigumu cheupe kinachoelekea unjano, upande wa ndani wa taya la chini, kwenye pengo lisilofunga, kwa mgonjwa wa dripu ya zoledroniki: mimi hapo nafikiria mfupa wa taya uliokufa na kuchungulia nje ya ufizi, mpaka daktari aliyemwona kwa macho aniambie vingine. Inawezekana ni kipande cha jino kweli. Lakini usikivute kwa kibano, na usimruhusu mtu yeyote akifukue eti anatafuta mzizi, kama hajaambiwa kwanza habari ya hiyo dripu.

Ngoja nieleze kisa chake. Mfupa ulio hai unabomolewa na kujengwa upya muda wote. Kuna seli kazi yake ni kula mfupa uliochoka, na nyingine zinafuata nyuma zinajenga mpya. Kansa ikiingia mfupani huzichochea zile za kula, ndiyo maana mgongo unauma na mifupa inavunjika. Zoledroniki inazizima. Ndiyo nafuu mliyoiona mgongoni. Sasa taya lina mambo mawili ambayo mgongo hauna. Kwanza linajijenga upya haraka kuliko mifupa mingi, kwa hiyo likizimiwa zile seli linaumia zaidi. Pili, ni mfupa uliotobolewa na meno, na juu yake kuna ngozi nyembamba tu ya ufizi inayoogelea kwenye bakteria usiku na mchana. Ukiacha shimo la jino pale, mfupa unashindwa kujisafisha na kujifunga. Bakteria wanaingia, wanakaa.

Jambo hili limeandikwa siku nyingi. Mwaka 2003 daktari wa upasuaji Robert Marx, wa Marekani, alitoa taarifa ya wagonjwa 36 wenye mfupa wa taya ulio wazi, wote walikuwa wakitumia zoledroniki au pamidroneti, dawa ya kundi hilo hilo. Na karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti walikuwa wakioza mataya kwa sababu ya mvuke wa fosforasi nyeupe, mpaka mataifa yakakubaliana huko Bern mwaka 1906 kuipiga marufuku. Dawa hizi za mifupa nazo ni za ukoo wa fosforasi. Naitaja habari hiyo kwa sababu wagonjwa wengi hudhani wameoza taya kwa uchafu wao wenyewe, na wanaona aibu kufungua mdomo. Mwambie mama hana kosa.

Wakati wa kuutambua ugonjwa huo wa taya, sisi tunaangalia mambo matatu: mgonjwa ametumia dawa za kundi hili au zinazofanana nazo kama denosumabu; mfupa uko wazi, au kuna kitundu ambacho ukipitisha kifaa unagonga mfupa, kwa zaidi ya wiki 8; na taya halijawahi kupigwa mionzi wala halina kansa iliyosambaa hapo. Unaona? Hakuna mahali bakteria wametajwa. Ni historia, macho, kifaa chembamba cha kupima, na picha.

Hilo la mwisho, la kansa iliyosambaa, ndilo linalonifanya niseme mama aonwe wiki hii. Kansa ya titi inaweza kufika kwenye taya pia. Muulize kama mdomo wa chini au kidevu upande wa kushoto kimekufa ganzi. Kama ndiyo, mwambie daktari kabla hata hujakaa kitini.

Kuhusu kidonda cha ulimi: huenda ni mkwaruzo wa hicho kitu kigumu. Kanuni yetu ni kwamba kidonda chenye sababu inayoonekana, ondoa au laini sababu, halafu kiangalie. Kisipopona ndani ya wiki mbili, kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kwenda kupimwa. Usisubiri mpaka kianze kuuma, kansa ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi.

---

Mtembezi77

Mimi nisingemsumbua mama wa watu. Asimamishe hiyo dripu, maana ndiyo imemharibu, asukutue maji ya chumvi, pengo litafunga lenyewe.

---

KoleoNaKioo

Ndugu Mtembezi, najua unamwonea huruma mgonjwa, lakini hapa tuwe waangalifu. Zoledroniki ikishaingia kwenye mfupa inakaa miaka. Ukisimamisha leo, taya halirudi lilivyokuwa mwezi ujao, na mgongo unabaki bila kinga. Uamuzi huo ni wa daktari wa kansa akiwa na daktari wa taya, pamoja na mama mwenyewe. Kinachoweza kuzungumzwa ni nafasi kati ya dripu. Kuna utafiti wa wagonjwa 1,822 uliotolewa mwaka 2017, ulioonyesha kwamba kuwekewa kila baada ya wiki 12 kulikinga mifupa sawasawa na kila baada ya wiki 4 kwa muda wa miaka miwili. Dada, muulize daktari wa kansa kama hilo linamfaa mama. Kumuuliza si kumkosoa.

Maji ya chumvi hayana ubaya. Hayafungi mfupa uliokufa.

---

MezaYaMaabara

Nasoma kimyakimya tangu mwanzo, ila hapa kwenye bakteria ni kazi yangu. Nafanya kazi maabara ya vimelea, na sampuli za mate zimepita mikononi mwangu za kutosha.

Dada BintiMkubwa, habari aliyoileta ndugu yenu haijatungwa. Ina msingi, isipokuwa imefika kwenu ikiwa imekatwa mkia.

Mdomoni mwa binadamu wametambuliwa bakteria wa aina zaidi ya 700, ingawa mtu mmoja hawabebi wote. Wanabadilika kulingana na makazi: wa juu ya ulimi si wale wa chini ya ufizi, na wa chini ya ufizi si wale wa kwenye shavu. Uvimbe wa kansa nao ni makazi mapya. Una mikunjo, una sehemu zisizofikiwa na hewa, unavuja damu na protini. Ni kawaida wapangaji wabadilike. Ndiyo maana tafiti nyingi zinakuta Fusobacterium nucleatum na Porphyromonas gingivalis kwa wingi kwenye kinyama cha kansa ya mdomo kuliko kwenye ngozi ya jirani isiyo na ugonjwa, na baadhi ya jamii za Streptococcus zikiwa zimepungua.

Wazo la kutumia mate kutafuta kansa lina miaka. Mwaka 2005 walichukua mate ya wagonjwa 45 wa kansa ya mdomo na ya watu 229 wasio nayo, wakahesabu bakteria wa aina 40. Watatu walijitokeza kwa wingi kwa wagonjwa: Capnocytophaga gingivalis, Prevotella melaninogenica na Streptococcus mitis. Kwa kutumia hao watatu waliweza kuwatambua takriban asilimia 80 ya wagonjwa, na kuwaacha huru takriban asilimia 80 ya wasio wagonjwa.

Asilimia 80 inasikika vizuri sana. Hebu tuifanyie hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Tuseme watu 10,000 wametema mate na kati yao 10 wana kansa ya mdomo. Kipimo kinawakamata 8, wawili kinawaambia nendeni salama. Wanabaki watu 9,990 wasio na kansa. Asilimia 20 yao wataambiwa pabaya: karibu watu 2,000. Kwa hiyo chumba kinajaa watu elfu mbili wanaolia, na wenye ugonjwa kati yao ni 8. Na wale wawili walioambiwa wako salama wamekwenda kulala na ugonjwa wao.

Mimi hao wawili ndio wananinyima usingizi. Mama anaweza kuwa mmoja wao. Kipimo kikisema "hakuna kitu", mtakaa nyumbani wakati kidonda kipo na kinaonekana kwa tochi ya simu. Kipimo cha kuchuja watu wasio na dalili ni jambo moja. Kumpima mtu mwenye kidonda ni jambo jingine kabisa. Mwenye kidonda anahitaji jibu la kidonda.

Halafu kuna usumbufu wa mate yenyewe. Mgonjwa aliyepiga mswaki nusu saa iliyopita, aliyesukutua klorheksidini jana, aliyemeza antibiotiki wiki iliyopita, anayevuta sigara, mwenye mdomo mkavu kwa sababu ya dawa, mwenye ugonjwa wa fizi: wote hao bakteria wao wamebadilika bila kansa yoyote. Niliwahi kupokea vichupa viwili vya mgonjwa mmoja, cha asubuhi kabla ya mswaki na cha mchana. Cha asubuhi kilikuwa kizito na chenye utando uliotuama chini, cha mchana chepesi kama maji. Ungeviona mezani ungesema ni vya watu wawili. Mama ana pengo linalonuka na ufizi uliovimba. Majibu ya mate yake yatakuja na bakteria wa usaha tele, na hilo pua yako imeshakwambia.

---

BintiMkubwa

Asanteni sana. Nimemuuliza, anasema kidevu hakijafa ganzi, ila nimeshtuka kusikia habari ya mfupa. Nimemsomea ile sehemu ya kwamba hana kosa. Hakusema kitu, lakini amenifungulia mdomo tena bila kubembelezwa.

Nina swali lililobaki. Ndugu yetu amejibu kwamba kuna utafiti wa mwaka 2024 ambao mate yalichukuliwa watu wakiwa wazima, na miaka baadaye waliopata kansa walikutwa walikuwa na bakteria fulani. Kama bakteria walikuwepo kabla ya kansa, si ina maana ndio walioileta? Basi kuwaua ni kinga?

---

MezaYaMaabara

Ndugu yenu anasoma, mpe hongera. Utafiti huo ni wa New York University. Walitumia sampuli za kusukutua za Wamarekani karibu 160,000 walipokuwa bado hawajaugua. Baadaye watu 236 kati yao wakapata kansa za kichwa na shingo, wakalinganishwa na wenzao 458 ambao hawakupata. Aina 13 za bakteria zilionekana kuhusiana na hatari hiyo, nyingine zikiipandisha na nyingine zikiishusha. Uzito wake ni huo huo ulioutaja: sampuli zilitangulia ugonjwa, kwa hiyo huwezi kusema kansa ndiyo iliyowaita bakteria. Mimi naiona ni hatua kubwa.

Lakini kutangulia peke yake hakutoshi kumtia mtu hatiani. Sigara na pombe hubadilisha bakteria wa mdomo, na pia huleta kansa. Watafiti hupunguza athari hiyo kwa hesabu, ila hawawezi kuifuta yote.

Njia ambazo bakteria wanaweza kuchangia zipo na zinaeleweka. Mojawapo ni pombe: bakteria kadhaa wa mdomoni, wakiwemo wa jamii ya Neisseria na baadhi ya Streptococcus, huigeuza pombe kuwa asetaldehidi palepale mdomoni, na asetaldehidi inayotokana na unywaji imeshawekwa kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Nyingine ni uvimbe wa fizi unaodumu miaka, kwa sababu yule Porphyromonas gingivalis niliyemtaja ni hodari wa kuivuruga kinga ya mwili na kuiacha ikipigana bila kumaliza vita.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2024, watafiti wa King's College London na hospitali ya Guy's and St Thomas' walikuta kwamba wagonjwa wa kansa za kichwa na shingo waliokuwa na Fusobacterium ndani ya uvimbe walikuwa na matokeo bora zaidi ya kuishi, na maabara wakaona bakteria hao wakiziua seli za kansa. Fusobacterium yule yule ambaye kwenye kansa ya utumbo mpana anahusishwa na hali mbaya! Kwa hiyo ukiniletea karatasi imeandikwa "Fusobacterium wengi", mimi mtu wa maabara siwezi kukwambia ulie au ufurahi mpaka nijue ametoka wapi na kwa mgonjwa wa namna gani.

---

KoleoNaKioo

Niongezee upande wa kuwaua. Watu wanakumbuka habari ya vidonda vya tumbo: Marshall na Warren waligundua Helicobacter pylori, ukimuua kwa antibiotiki vidonda vinapona, na wakapewa Nobel mwaka 2005. Pale alikuwepo mhusika mmoja anayejulikana. Kwenye mdomo ni jamii nzima, na wengi wao ni walinzi. Ukimmwagia mtu antibiotiki bila sababu, mara nyingi unachovuna ni fangasi mdomoni na bakteria sugu. Hakuna matibabu yanayotambulika ya kuzuia kansa ya mdomo kwa antibiotiki. Kinachozuia kinajulikana: kuacha tumbaku ya aina zote, ya kuvuta na ya kutafuna, kuacha au kupunguza pombe, kuacha kutafuna popoo, chanjo ya kirusi cha HPV kwa kansa za kooni, na fizi zenye afya.

Kwa mama, hata hivyo, antibiotiki na klorheksidini zina kazi yake, na hapa ndipo bakteria wanapostahili hofu yote mliyonayo. Kama ni mfupa uliokufa, bakteria ndio wanaoufanya uanze kuuma, utoe usaha na unuke. Mfupa mkavu ulio wazi bila maambukizi mgonjwa anaweza kuishi nao kwa utulivu. Wenye maambukizi unaweza kutoboa mpaka nje ya shavu. Kwa hiyo daktari atataka kupunguza mzigo wa bakteria: kusukutua kwa dawa, kusafisha ukoga kwa upole, antibiotiki pale palipo na usaha au maumivu, kuondoa kipande cha mfupa kilicholegea chenyewe. Hatua zikiwa mbele ndipo upasuaji. Jino linalocheza asiling'oe mtu mwingine. Likiwa limesimama ndani ya mfupa uliokwisha kufa, daktari wa taya anaweza kuamua kulitoa, lakini huo ni uamuzi wake baada ya kuona picha.

Na kwa wengine mnaosoma ambao mgonjwa wenu ndiyo kwanza anaandikiwa sindano ya mifupa: mpelekeni kwa daktari wa meno KABLA ya dripu ya kwanza. Meno mabovu yatolewe, fizi zisafishwe, mashimo yafunge kwanza. Hatari kwa mgonjwa wa kansa anayewekewa dawa hizi kwa wingi ni kubwa mara nyingi kuliko ya bibi anayemeza kidonge kwa ajili ya mifupa myepesi. Huyo wa kidonge asiache dawa yake kwa kusoma uzi huu. Ningeombwa kubadilisha jambo moja tu katika huduma ya kansa, ningesema fomu ya dripu isisainiwe mpaka kuwe na sahihi ya daktari wa meno. Nasema kwa uchungu, kwa sababu wengi ninaowaona wangekuwa hawajafika kwangu.

---

MkeWaFundi

BintiMkubwa mdogo wangu, mimi nimepita njia hiyo na mume wangu. Yeye ni kansa ya tezi dume, sindano zake zilikuwa za denosumabu. Nikwambie tu ilivyokuwa ili mama asiogope asichokijua. Siku ya kwanza hakukatwa chochote. Walimuuliza maswali mengi, wakampiga picha ya taya ile anayosimama mashine inamzunguka kichwa, wakagusa ufizi kwa kifaa chembamba. Akarudi nyumbani na dawa ya kusukutua na brashi laini. Baada ya muda kipande cha mfupa kililegea, daktari akakitoa kwa kibano bila hata sindano ya ganzi. Nilikiona kwenye pamba: kijivu, kina vitundu, chepesi. Ufizi ulifunga juu yake polepole.

Kilichomsaidia kuliko vyote ni kutoa meno ya bandia usiku na kila aliposikia yanabana. Kama mama anayo, mwambie daktari. Na nenda na karatasi ya dawa mwenyewe, usitegemee mafaili.

---

KoleoNaKioo

Asante mama, umesema vizuri kuliko mimi. Karatasi hiyo iandikwe: jina la dripu na kipimo chake, tarehe ya kwanza kuwekewa na ya mwisho, jino liling'olewa lini, kama taya au shingo vimewahi kupigwa mionzi, na kama anatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili kama prednisoloni. Mionzi ni muhimu kwa sababu taya lililopigwa mionzi nalo hufa, ila ni ugonjwa mwingine na matibabu yake yanatofautiana.

---

BintiMkubwa

Amekubali. Nimepiga simu kliniki ya kansa, wametuandikia rufaa ya daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, tunaonwa keshokutwa asubuhi. Karatasi nimeandika, mionzi hajawahi kupigwa popote karibu na kichwa, na nimeongeza swali la wiki 12. Kuhusu kichupa cha mate nimemwambia ndugu yetu asubiri, amenielewa.

La mwisho kwa MezaYaMaabara: kama wakichukua kinyama au huo mfupa, niombe bakteria wapimwe? Au hapo napo haina maana?

---

MezaYaMaabara

Hapo ina maana, kwa sababu sampuli imetoka mahali penyewe. Ila kukata au kutokata ni kwa daktari. Kukata ufizi ulio jirani na mfupa uliokufa kunaweza kuupanua, hivyo akisema kidonda cha ulimi kichukuliwe na taya liachwe, mwamini.

Kikitoka kitu chochote, usaha, kipande cha mfupa au kinyama, muulize kwa heshima kama kinahitaji kwenda sehemu mbili. Kinachokwenda patholojia kutafutwa kansa kinawekwa kwenye fomalini. Fomalini inaua bakteria wote, kwa hiyo kilichokwisha kutumbukizwa humo hakioteshwi tena, yaani bakteria wake hawawezi kukuzwa maabara ili watambuliwe. Cha kuotesha kinatenganishwa kabla, kwenye chombo safi bila fomalini, na kinafika maabara haraka, kwa sababu wengi wa bakteria hawa hewa inawaua.

Kwenye fomu aandike kwamba mgonjwa yuko kwenye zoledroniki na kwamba anawaza bakteria aitwaye Actinomyces. Huyo ni mkazi wa kawaida wa kila mdomo, kumkuta kwenye mate si habari. Kumkuta amejipanga tabaka kwa tabaka juu ya mfupa uliokufa ni habari, na hutokea mara nyingi kwenye taya za namna hii. Anaota taratibu sana. Maabara isipoambiwa, sahani za kuoteshea zinatupwa baada ya siku mbili tatu na majibu yanaandikwa hakuna kilichoota. Ikiambiwa, zinaachwa hadi wiki mbili, na mtaalamu wa patholojia anamtafuta pia kwenye hadubini. Akipatikana, antibiotiki inayochaguliwa na muda wa kuitumia hubadilika. Penisilini kwa muda mrefu ndiyo iliyozoeleka, kwa hiyo kama mama ana mzio wa penisilini, ongeza kwenye karatasi yako leo hii.